Senta Aliyeumia: Mwongozo wa Kutoka Keumbu hadi Mkataba wa Kulipwa

Mwongozo huu ni wako wewe uliyerudi nyumbani Keumbu, kaunti ya Kisii, ukitembelea magongo, huku wenzako wa chuo wakiendelea na ligi bila wewe. Wewe ni senta. Tangu kidato cha pili umekuwa mtu wa kwanza kuonekana ukishuka kwenye matatu, na makocha walikutaka kwa kimo chako kabla hata hujajua kudunda mpira. Sasa umeumia, pengine si mara ya kwanza, na pale nyumbani kila mgeni anauliza swali lile lile: huyu atacheza tena, na kuna atakayemlipa?

Inawezekana, kwa masharti. Klabu inayotaka kukulipa haina haja ya kusikia kwamba umepona. Kila mchezaji husema amepona. Inachotaka kujua ni utacheza mechi ngapi msimu ujao. Hatua zote zilizo hapa chini zinakuandaa kulijibu swali hilo kwa ushahidi ambao hata kocha asiyekujua anaweza kuuamini.

1. Lijue jeraha lako kwa jina

Kusema “niliumia goti” hakumsaidii yeyote. Matumaini yako ya kucheza kwa kulipwa yanategemea sana ni kitu gani hasa kilichoumia, kwa hiyo usitoke kwa daktari bila jina la jeraha limeandikwa kwenye karatasi.

Kano ya msalaba wa mbele ndani ya goti, ile inayoitwa ACL. Hukatika mara nyingi bila kuguswa na mtu, unapotua kutoka kwenye ribaundi au unapogeuka ghafla. Wengi husikia mlio, na goti huvimba ndani ya saa chache. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa mwaka 2014 ulionyesha kwamba baada ya upasuaji, takriban asilimia 65 ya wanamichezo walirudi katika kiwango chao cha zamani, na asilimia 55 wakarudi kwenye mashindano. Kwa wasichana wanaocheza mpira wa vikapu, hatari ya kuumia kano hii ni takriban mara tatu ya wavulana.

Meniskasi, yaani gegedu lenye umbo la mwezi mchanga linalokaa kati ya mifupa ya goti. Muulize daktari wa upasuaji: utalishona au utalipunguza? Likipunguzwa unarudi uwanjani baada ya wiki chache, lakini goti limepoteza mto wake, na senta mwenye kilo 100 atalipia hilo miaka ya mbele. Likishonwa utakaa nje miezi kadhaa. Panapowezekana kushona, vumilia hiyo miezi.

Kano iliyo chini ya pia ya goti. Hili ni jeraha la warukaji. Utafiti wa wachezaji wa ngazi ya juu nchini Norway ulilikuta kwa asilimia 32 ya wachezaji wa mpira wa vikapu. Halimalizi maisha ya mchezo, lakini haliponi kwa kulala. Linataka uzito mkubwa unaonyanyuliwa polepole, wiki baada ya wiki.

Mifupa midogo ya unyayo. Watu warefu na wazito huvunjika hapa kidogo kidogo, bila tukio moja la kukumbukwa. Maumivu ya juu ya unyayo yasiyoisha kwa wiki mbili yanahitaji picha. Ukiendelea kucheza juu ya ufa, unaweza kupoteza misimu miwili.

Kano ya kisigino, Achilles. Hili ndilo zito zaidi. Kati ya wachezaji 18 wa NBA waliofuatiliwa na watafiti baada ya kano hii kukatika, 7 hawakucheza tena katika ligi hiyo, nao walikuwa na madaktari bora duniani. Kurudi kunawezekana, ila usimwahidi mtu tarehe.

Kifundo cha mguu kilichoteguka. Hili ndilo linalodharauliwa. Ukiteguka mara tatu mwaka mmoja, tatizo si bahati mbaya. Kifundo hakijafundishwa tena kusimama. Simama kwa mguu mmoja, macho yamefumbwa, kila unapopiga mswaki, hadi uweze kukaa nusu dakika bila kuyumba.

2. Utibiwe wapi ukiwa Keumbu

Hospitali ya Keumbu inakutosha kwa siku ya kwanza: uchunguzi, dawa ya maumivu, eksirei. Lakini kumbuka eksirei huonyesha mfupa; kano na gegedu havionekani. Vijana wengi wameambiwa “picha ni safi”, wakarudi uwanjani wiki ya pili, na goti likateleza tena likararua gegedu lililokuwa zima. Kama goti lilivimba siku ile ile au linakuachilia unapoteremka ngazi, omba barua ya rufaa hata kama eksirei ni safi.

Kutoka Keumbu, matatu ya kwenda mjini inakufikisha Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Kisii, ambako utamwona daktari wa mifupa. Ukiifuata barabara hiyo hiyo upande wa pili, kupitia Keroka na Sotik hadi Bomet, utafika Tenwek, hospitali ya misheni inayojulikana kwa upasuaji wa mifupa. Kwingineko ni Kisumu, Eldoret na Nairobi. Kabla ya kusafiri kwa ajili ya picha ya MRI, piga simu uulize kama mashine inafanya kazi, bei yake, na kama bima yako inakubaliwa. Tangu Oktoba 2024 SHA imechukua nafasi ya NHIF katika bima ya afya ya serikali. Kujisajili peke yake hakutoshi, michango lazima iwe imelipwa. Muulize pia mkuu wa michezo chuoni kwako kama chuo kina bima ya wachezaji, na udai jibu kwa maandishi. Kama uliumia ukiwa umevaa jezi ya chuo, huombi msaada, unauliza haki yako.

Kuna suala la omobari, mpasuaji wa jadi. Gusii inajulikana hata katika majarida ya kitabibu ya ng'ambo kwa wapasuaji wake wa jadi waliofungua mafuvu ya watu walioumia kichwa, na bado kuna wazee wanaoheshimiwa kwa kuunga mifupa na kukanda viungo. Magokoro, yaani bibi yako, atakapopendekeza upelekwe ukakandwe, usimjibu kwa dharau. Mweleze kwamba kano iliyokatika imo ndani ya kiungo, mkono haufiki huko, na kwamba goti likikandwa likiwa bado limevimba hutoka damu zaidi ndani. Mwombe akupikie badala yake. Utaona hapa chini kwamba chakula chake ni dawa kweli.

Mtu wa muhimu kuliko wote si mpasuaji. Ni fizio, maana mpasuaji utakuwa naye saa mbili na fizio utakuwa naye mwaka mzima. Hakikisha amesajiliwa na baraza la taaluma yake. Mweleze waziwazi kwamba lengo lako si kutembea vizuri bali kuruka, kutua na kugongana na mtu wa kilo 110. Mazoezi ya mama anayetaka kurudi shambani na ya senta anayetaka kurudi ligini hayafanani.

3. Fuata kalenda, na ujipime mwenyewe

Kalenda hii ni ya ACL iliyofanyiwa upasuaji. Majeraha mengine yana muda wake, lakini mpangilio ni ule ule.

Wiki mbili za kwanza: punguza uvimbe na hakikisha goti linanyooka kabisa. Goti lisilonyooka mapema hukusumbua miaka.

Hadi mwezi wa tatu: tembea bila kuchechemea, endesha baiskeli, chuchumaa kwa miguu miwili, kisha mmoja.

Mwezi wa nne hadi wa sita: uzito, halafu kukimbia mbele tu, mahali tambarare.

Mwezi wa sita hadi wa tisa: kuruka na kutua, kubadili mwelekeo, mazoezi ya timu bila kugongana.

Baada ya mwezi wa tisa: mazoezi kamili, halafu dakika chache za mechi, zikiongezwa kila wiki.

Kwa nini tisa? Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 uligundua kwamba hadi mwezi wa tisa, kila mwezi mmoja unaochelewesha kurudi hupunguza hatari ya kuumia tena kwa takriban nusu. Na miongoni mwa vijana wa chini ya miaka 25 wanaorudi michezoni, karibu mmoja kati ya wanne huumia kano hiyo tena, kwenye goti lile lile au lile la pili. Jeraha moja, klabu inaweza kulisamehe. Mawili ndani ya miaka miwili yatawafanya watafute senta mwingine. Kawia ufike.

Lakini mwezi wa tisa ni tarehe tu, haukupi ruhusa. Ruhusa hutoka kwenye vipimo, na kwa kimoja kati ya hivyo unahitaji futi ya fundi cherehani na kipande cha chaki. Fizio akikukubalia, chora mstari kwenye sakafu ngumu. Simama kwa mguu mzima, ruka mbele mara moja, utue kwa mguu huo huo na utulie bila kugusa chini na mwingine. Pima kutoka mstarini hadi kisigino. Rudia mara tatu, chukua iliyo ndefu zaidi. Sasa fanya kwa mguu ulioumia. Tuseme mguu mzima umefika sentimita 160 na ulioumia sentimita 128. Gawanya 128 kwa 160: ni asilimia 80. Bado. Fizio wengi hutaka uvuke asilimia 90, kwenye mruko huu, kwenye miruko mitatu mfululizo, na kwenye nguvu ya misuli ya mbele ya paja.

Kuna mtego hapa. Miezi yote uliyokaa, mguu mzima nao ulidhoofika. Unaweza kupata asilimia 95 kwa kulinganisha mguu dhaifu na mguu mwingine dhaifu. Kama bado hujapasuliwa, pima mguu mzima leo uandike namba. Hiyo ndiyo shabaha yako ya mwaka kesho.

Kipimo cha pili ni cha kila siku. Zungusha futi kwenye goti katikati ya pia, usiku baada ya mazoezi na asubuhi inayofuata. Asubuhi likiwa limeongezeka sentimita nzima, jana ulizidisha. Punguza, usiache.

4. Tumia Keumbu ilivyo

Huna jimu ya chuo cha Marekani, lakini una vilima. Kupanda kilima hujenga paja na kalio bila kulipiga goti sana. Kuteremka ndiko kunakoibebesha kano ya chini ya pia mzigo mzito. Katika miezi ya mwanzo, panda kwa miguu na ushuke kwa boda anayeendesha taratibu. Baadaye, goti likiimarika, kuteremka polepole kutakuwa zoezi lenyewe la kujifunza kutua.

Mtungi wa lita 20 uliojaa maji una kilo 20. Miwili ni kilo 40, na begi la shule lenye mchanga litaongeza unachotaka. Kwa kano ya chini ya pia, chuchumaa kwa kuhesabu tatu ukishuka na tatu ukipanda, uzito ukiongezwa kila wiki. Kasi haina kazi hapa.

Mvua ya Gusii huja zaidi alasiri, kwa hiyo mazoezi ya uwanjani yafanye asubuhi. Viwanja vya shule zetu ni vya saruji, na vumbi jekundu likichanganyika na unyevu, utelezi wake hauonekani hadi uwe chini. Beba kitambaa kizito ufute eneo la chini ya kikapu kabla ya kuanza. Wachezaji wa timu ya mtaa wakikucheka, wacheke. Viatu vya mitumba vinafaa ikiwa soli bado ina uhai: ibonye kwa kidole gumba, na kama haishuki wala hairudi, iache kwa muuzaji hata kama chapa ni ya Jordan.

Chakula ndicho eneo ambalo Keumbu inawashinda wengi. Mfupa uliopasuka unataka kalisi, na obokima, yaani ugali, wa wimbi una kalisi nyingi kuliko ugali wa mahindi. Kila gramu 100 za wimbi zina takriban miligramu 340. Omena inayoliwa nzima na mifupa yake huongeza, na mboga ya chinsaga nayo. Misuli inataka protini katika kila mlo: mayai asubuhi, maharagwe mchana, maziwa jioni. Ritoke ni tamu na inatia nguvu, lakini sahani ya ndizi peke yake haijengi paja. Na usijinyime chakula kwa sababu hufanyi mazoezi. Mwili unaojijenga unakula.

5. Jifunze kucheza chini ya rimu

Nchini Kenya, kijana wa mita 1.96 ni senta. Ng'ambo, masenta wengi huanzia karibu mita 2.08, na yeye huko ni mchezaji wa pembeni. Kwa hiyo hata kama usingeumia, ungehitaji kujifunza kucheza ukiitazama rimu, si kuipa mgongo tu. Miezi ya kukaa nje ndiyo nafasi yako.

Arvydas Sabonis wa Lithuania alikatika kano ya kisigino mara mbili miaka ya 1980. Aliingia NBA mwaka 1995, akikaribia miaka 31, miguu ikiwa imechoka. Aliishi kwa pasi, kwa kusimama mahali sahihi na kwa mkono laini. Nikola Jokić alichaguliwa wa 41 mwaka 2014 na hajawahi kujulikana kwa kuruka. Ametajwa mchezaji bora wa NBA mwaka 2021, 2022 na 2024. Kitu walichokuwa nacho hawa, unaweza kukijenga ukiwa umekaa kwenye kiti.

Anza na mitupo ya kiti: kaa mita tatu kutoka kwenye rimu na urushe kwa mkono mmoja hadi umbo la mkono lisibadilike. Ukiweza kusimama, fanya mitupo huru kila siku na uandike iliyoingia. Senta anayeingiza mitupo huru nane kati ya kumi hubaki uwanjani dakika za mwisho, na dakika za mwisho ndizo zinazoonwa na makocha. Kisha jifunze skrini: kuiweka pana na imara, na kugeuka kuelekea kikapuni bila kuruka. Jifunze kumzuia mtu asifikie ribaundi kwa nyonga, kabla mpira haujafika. Mwisho, tazama mechi za timu yako bila sauti ukimfuata senta pekee, uandike kila mahali alipochelewa.

6. Lijue soko

NBA huchagua wachezaji takriban 60 kwa mwaka kutoka dunia nzima. Jeraha hukushusha kwenye foleni, lakini halikutoi. Joel Embiid wa Cameroon alichaguliwa wa tatu mwaka 2014 akiwa na mfupa wa unyayo uliovunjika, akakosa misimu miwili, kisha akawa mchezaji bora wa ligi mwaka 2023. Bol Bol, mzaliwa wa Khartoum, alicheza mechi tisa tu katika Chuo Kikuu cha Oregon kabla ya kuvunjika unyayo. Akachaguliwa wa 44 mwaka 2019. Charles Bassey wa Lagos alivunjika sehemu ya juu ya mfupa wa muundi, karibu na goti, akiwa Western Kentucky mnamo Desemba 2019, akarudi akawa mchezaji bora wa kanda yao, akachaguliwa wa 53 mwaka 2021. Oscar Tshiebwe wa Lubumbashi, mchezaji bora wa vyuo vya Marekani mwaka 2022, alifanyiwa upasuaji mdogo wa goti kabla ya msimu uliofuata. Mwaka 2023 hakuchaguliwa kabisa, akapata mkataba wa kugawana muda kati ya Indiana Pacers na timu ya ligi ndogo.

Hawa walikuwa na madaktari wa vyuo vyenye pesa. Nawataja ili uone bei ya jeraha. Wewe pima ndoto yako kwa ngazi zinazofikika.

Ngazi ya kwanza ni ligi ya Shirikisho la Mpira wa Vikapu la Kenya. Timu kama KPA (ya bandari), Ulinzi (ya jeshi) na Equity (ya benki) ni za taasisi, na mara nyingi malipo huja kupitia ajira. Kwa timu ya jeshi, kumbuka kuna uchunguzi wa mwili wa kuandikishwa, hivyo uliza mapema jeraha lako linatazamwaje. Nairobi City Thunder ilikuwa timu ya kwanza ya Kenya kufuzu kwa BAL, ligi ya Afrika iliyoanza Kigali mwaka 2021, na ilicheza msimu wa 2025. Hiyo ina maana kwamba sasa mtu anaweza kuonwa na bara zima akiwa anacheza Nairobi.

Ngazi ya pili ni majirani: Rwanda, Uganda na Tanzania. Urefu wa kweli ni adimu kote huku. Senta wa Kenya, Tom Wamukota, amecheza Rwanda akiwa na Patriots.

Ngazi ya tatu ni ligi za kati za Ulaya na Asia. Tylor Ongwae, aliyefunga kikapu cha mwisho Kenya ilipoishinda Angola 74–73 kule Yaoundé Februari 2021 na kuirudisha AfroBasket kwa mara ya kwanza tangu 1993, alipitia Chuo Kikuu cha Louisiana-Monroe, kisha akacheza Denmark na Bakken Bears. Hasheem Thabeet wa Dar es Salaam alichaguliwa wa pili NBA mwaka 2009, na alipoondoka huko aliendelea kulipwa Japani na Taiwan.

Kuna pia mlango wa chuo cha Marekani. Madina Okot alitoka shule ya sekondari ya Kaya Tiwi, akapitia Chuo Kikuu cha Zetech, akaenda Mississippi State na kisha South Carolina. Naye ni senta. Kama unaulenga mlango huu, usisaini mkataba wa kulipwa kwanza, maana unaweza kujifungia. Ukiwa tayari huko na ukaumia, uliza kuhusu kurudishiwa msimu: kanuni ya kawaida imekuwa kwamba uwe umeumia katika nusu ya kwanza ya msimu na hujacheza zaidi ya asilimia 30 ya mechi. Na kabla ya kupokea pesa yoyote ya matangazo, pita ofisi ya wanafunzi wa kigeni, kwa sababu viza ya mwanafunzi ina mipaka ya kazi.

7. Tengeneza faili, usifiche kitu

Kuficha jeraha ni kosa linalogharimu zaidi. Kovu linaonekana, na klabu yoyote makini itakupiga picha kabla ya kusaini. Ukigunduliwa, hawatajadili tena goti lako. Watajadili uaminifu wako.

Faili yako iwe na vitu vitano: ripoti ya upasuaji yenye sahihi ya daktari, picha za MRI kwenye flashi, si maelezo yake tu, jedwali la vipimo vyako vya kila mwezi, ukianza na vile vibaya, barua ya fizio inayosema unaweza kufanya nini, na orodha ya mechi ulizocheza tangu urudi, pamoja na dakika za kila mechi. Hilo la mwisho ndilo jibu la lile swali la mechi ngapi. Mechi 15 mfululizo katika ligi ya daraja la chini zina uzito kuliko danki moja la mwaka kabla ya kuumia.

Video isizidi dakika nne, yote ya baada ya jeraha. Weka ukitua kwa mguu ulioumia, ukirudi nyuma kulinda, ukigongana. Tuma pamoja na ujumbe mfupi kama huu:

“Shikamoo Kocha. Mimi ni senta wa mita 1.98, mwaka wa tatu chuoni. Nilifanyiwa upasuaji wa ACL goti la kulia, miezi 14 iliyopita. Nimecheza mechi 15 tangu nirudi, wastani wa dakika 22, na sijakosa zoezi kwa sababu ya goti. Ripoti ya daktari na video nimeambatanisha. Naomba nafasi ya kuja kufanya mazoezi na timu kwa wiki moja.”

8. Soma mkataba kabla ya kufurahi

Wakala anayekuomba pesa ya “usajili” au ya “viza” kabla hujaona mkataba, mwache. Wakala halali hulipwa asilimia baada ya wewe kulipwa, na wa kimataifa ana leseni ya FIBA.

Tafuta kifungu cha uchunguzi wa afya. Mikataba mingi husema itaanza kutumika ukipita uchunguzi wa daktari wa klabu. Omba uchunguzi ufanyike ndani ya siku tatu za kufika, matokeo yatolewe kwa maandishi, na iandikwe kwamba ukishapita, jeraha la zamani halitatumika kuvunja mkataba. Bila sentensi hiyo, unaweza kucheza miezi miwili, timu ikapata senta mwingine, na ghafla goti lako likawa na tatizo.

Uliza pia: nikiumia nikiwa kazini, nani analipia upasuaji, na mshahara unaendelea kwa muda gani? Tiketi ya kurudi nyumbani iko kwa jina la nani? Kwa mkataba wa nje, hakikisha umetaja mahakama ya usuluhishi ya mpira wa vikapu, BAT, kuwa ndiyo itakayoamua mgogoro. Bila hivyo utadai mshahara wako katika mahakama ya nchi usiyoijua lugha yake.

9. Weka tarehe, na umalize digrii

Panga tarehe ya uamuzi, miaka miwili tangu siku ya upasuaji, na umwambie mtu mmoja nyumbani ambaye hatakuonea haya. Siku hiyo, tazama mambo matatu: vipimo vimevuka asilimia 90? Umecheza msimu mzima bila kukosa zaidi ya mechi chache? Kuna klabu hata moja iliyokuita mazoezini? Mawili yakiwa “ndiyo”, endelea mwaka mmoja. Likiwa moja au halipo, geukia ukocha, urefa au taaluma yako, na ucheze Jumamosi kwa raha zako.

Wakati wote huo, usiahirishe masomo. Kocha wa timu ya taasisi anayechagua kati ya masenta wawili wenye kimo sawa atamchukua yule ambaye ofisi yake inaweza kumwajiri hata goti likimwangusha, na cheti chako ndicho kitakachomrahisishia kusaini. Wiki hii, basi, fanya mambo mawili: pima mguu mzima uandike namba, na uende kwa msajili wa chuo uulize ni masomo gani unaweza kuyamaliza ukiwa bado kwenye magongo.